Vipimo vya Rémy Beya

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa pili, saa tisa alasiri, wanawake kumi na mmoja walikuwa wameketi katika ukumbi wa parokia nyuma ya stesheni ya Kindu, kila mmoja juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka kwake. Mabati ya paa yalikuwa yanatoa joto. Mama Hadidja, muuguzi aliyestaafu ambaye sasa aliwasaidia watu waliobaki na vita mwilini, alipita katikati yao akigawa kaye moja moja na kalamu ya biki ya bluu. Zilikuwa daftari za kurasa tisini na sita, zile za watoto wa shule, zenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.

"Kila siku dakika makumi mbili," akasema. "Muandike ile iliwapata. Miye sitasoma, sitasahihisha. Ule hajue kuandika vizuri, aandike vibaya. Jambo likikaa ndani linaoza. Likitoka mu kaye, hata kama haliponi, mutajua liko wapi."

Josiane Kabedi alipokea kaye yake, akaitia ndani ya mfuko pamoja na uzi na vifungo. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye miaka arobaini na tisa, na veranda yake katika mtaa wa Kasuku ilijulikana kwa sare za shule. Tangu amalize masomo hakuwa ameandika kitu zaidi ya majina ya wateja na vipimo vyao.

Kesho yake alasiri alisukuma cherehani pembeni, akafungua kaye, akaitazama kwa dakika kumi na tano. Katika zile tano zilizobaki aliandika kile alichokijua kwa moyo. Shingo 39. Mabega 46. Mkono 62. Kifua 98. Kiuno 80. Urefu wa suruali 104. Hakuweka jina.

Siku ya pili yake, saa kumi, alikuwa anapachika mkono wa blauzi aliposikia bawaba ya mlango. Akainua macho. Mtu alikuwa amesimama pale, kwa maana ya kwamba yalikuwepo mabega, kifua, kiuno na urefu wa suruali. Uso haukuwepo, kwa kuwa hakuuandika. Vipimo vilikuwa sawasawa. Bega la kushoto lilikuwa limeteremka kidogo, kasoro ambayo Josiane alikuwa akiificha katika kila shati alilomshonea, na kwa bega hilo akamtambua mume wake.

Akaondoa vitambaa juu ya kiti. Rémy Beya akaketi. Josiane akamaliza mkono wa kwanza wa blauzi, akapachika wa pili. Jua lilipoanza kuzama, mumewe akainuka, akatoka, akaurudisha mlango polepole kama mtu anayejua kuna mtoto amelala.

Rémy alikuwa mfunga breki katika treni. Baba yake alitoka Kasai kuja kuwafanyia kazi watu wa reli, akawazaa watoto wake katika nyumba za matofali karibu na stesheni. Mwaka wa 2002 treni ilikuwa imekwisha kusimama. Mji ulikuwa umezungukwa. Wenye bunduki walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa nje, na chumvi ilikuwa ikiuzwa kwa kijiko. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa kijana wa ofisi alikuja mbio akasema Rémy anaitwa stesheni kutia sahihi karatasi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Josiane alikuwa amepiga magoti mbele yake na pini mdomoni, anapima upindo wa suruali mpya. Rémy akavua ile suruali, akavaa ya zamani, akasema, "Narudi sasa hivi." Josiane hakujibu, kwa sababu ya pini.

Ilijulikana tu kwamba wafanyakazi kumi na wawili wa reli walipelekwa kubeba makasha, wakifuata njia ya treni kuelekea Kibombo. Saba walirudi. Walioulizwa walitazama chini.

Kwa miaka ishirini na miwili Josiane hakuwa mke wala mjane. Tshibangu, kaka mkubwa wa Rémy, alikataa kuweka matanga. Kumlilia mtu bila mwili na bila karatasi ya kifo ni kumroga, alisema, na ukoo wao haujawahi kumroga mtu wake. Josiane alikwenda kuomba karatasi hiyo mara nyingi katika ofisi ya vizazi na vifo ya mtaa. Kila mara aliambiwa hakuna shahidi. Kwa hiyo hakunyoa nywele wala hakuvaa nguo za kilio. Jioni aliweka mezani sahani ya Rémy pia, na baada ya kula aliiosha pamoja na nyingine.

Wiki ile aliandika uso: pua iliyovunjwa na mpira wa miguu, kovu dogo chini ya kidevu, masikio aliyoyarithi kwa mama yake. Uso ukafika Jumamosi, mchanga kama alivyouandika, wa miaka thelathini na tatu. Kisha akaandika mikono. Hiyo ilimchukua siku tatu, maana ilikuwa na mengi: weusi wa grisi usiotoka kwenye kucha, kidole cha shahada kilichopinda, namna alivyovunja ugali kabla ya kuukanda. Ilipofika ilijilaza juu ya meza ya kukatia nguo. Josiane akaweka mkono wake juu ya mmojawapo. Ulikuwa wa joto. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kushikwa mkono bila sababu. Siku hiyo hakushona kitu, na mwenye sare alipokuja kuichukua aliambiwa arudi kesho.

Jumanne iliyofuata alimwambia Mama Hadidja.

"Anakuja saa ngapi?" Mama Hadidja akauliza.

"Saa kumi. Anaenda jua likizama."

"Iko vizuri. Kwa wengine inakuya harufu tu. Wa Elodie amekuya na mutumbwi wake mzima, haukupita mu mlango." Akaandika kitu katika daftari lake. "Unalala?"

Josiane akafikiri. "Ndiyo," akasema. Tangu Jumamosi alikuwa analala usingizi mmoja hadi asubuhi. Hakuwa amegundua.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Alipoketi kuiandika, alikuta haipo. Alikumbuka maneno aliyoyasema Rémy, vichekesho vyake, hata majina ya stesheni zote za kusini aliyoyataja kwa mfuatano akiwa anaoga. Lakini yote yalimjia kwa sauti yake yeye mwenyewe. Kwa siku nne aliandika, akafuta. Saa kumi Rémy aliketi mbele yake, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Siku ya nne Josiane alilia, si kwa nguvu, huku akitoa nyuzi kwenye kitambaa.

Asubuhi yake akavuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli kumtafuta Jules. Jules alikuwa mmoja wa wale saba waliorudi. Alikuwa anatengeneza baiskeli kando ya njia ya soko, na miaka yote ile, kila alipomwona Josiane mjini, alikumbuka jambo la kufanya upande wa pili.

"Papa Jules," Josiane akasema, "nimekuja kuuliza sauti ya Rémy. Ilikuwa namna gani?"

Jules akaweka chini mpira aliokuwa akiuziba.

"Ilikuwa sauti ya muntu anasema huku anatafuta kitu mu mufuko," akasema. "Ya chini, inakatikakatika. Halafu akikipata, inanyooka."

Josiane akayarudia maneno hayo mdomoni ili asiyapoteze juu ya maji.

"Mama Falone," Jules akasema, "iko ingine ya kusema."

"Leo sauti tu, Papa Jules."

Aliiandika sauti hiyo akiwa bado hajavua kitambaa cha kichwa. Saa kumi Rémy aliingia, akaketi, akapapasa mfuko wa shati.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Kidogo," Josiane akasema.

Wakaongea mpaka jua likazama. Rémy alijua kila kilichoandikwa kwenye kaye, wala hakujua kingine chochote. Alijua bei ya chumvi ya mwaka ule, jina la paka wa mama yake, rangi ya gauni alilovaa Josiane siku walipokutana kwenye ngazi za behewa. Jirani alipopita na kusema, "Jambo, Mama Falone," Rémy akageuka.

"Falone njo nani?"

Josiane hakuwa amemwandika. Alikuwa na mimba ya mwezi mmoja ile asubuhi ya pini, na yeye mwenyewe hakuijua.

Falone, ambaye majuma yale alikuwa akilala kwenye shule ya wauguzi, alirudi siku hiyo saa kumi na moja, akamkuta mtu mezani, mtu aliyemzidi miaka kumi na miwili tu.

"Huyu njo baba yako," mama yake akasema.

"Jambo, papa," Falone akasema.

"Jambo, mama," Rémy akajibu kwa heshima, kama anavyosalimiwa mwanamke mzima usiyemjua.

Wiki ile Josiane aliandika kurasa kumi na nne za Falone. Aliandika uzazi uliotokea chini ya meza ya kukatia nguo kwa sababu ya risasi, surua, jino la kwanza, goti lililovunjika akiwa na miaka tisa, mwaka ambao hakutaka kusema na mtu. Alhamisi Rémy akamwita binti yake kwa jina, akamwuliza kama goti bado linauma wakati wa mvua. Falone akajibu kwamba linauma kidogo. Kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka, akakaa huko mpaka zikakauka.

Mwezi ukapita hivyo. Watu wa mtaa walimzoea Rémy. Walimsalimia, wakamwambia hajazeeka, wakaendelea na njia. Kula hakula, lakini sahani yake iliwekwa mbele yake sasa, si mbele ya kiti kitupu. Josiane alianza kuimba akishona. Kisha alasiri moja Rémy akapapasa mfuko kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Josiane," akasema, "nilitoka hapa nikaenda stesheni. Halafu nilikuwa wapi?"

"Sijue," akajibu. Ilikuwa kweli. Alijua pia kwamba anayejua yuko ng'ambo ya mto, ameketi kati ya magurudumu. Kwa siku tisa hakuvuka. Alimtazama mumewe kila alasiri, akijiambia kwamba ukurasa ule usipoandikwa, Rémy ni mtu aliyechelewa tu. Lakini Rémy alikuwa na haki ya kujua alikokuwa, na siku ya kumi akamwita mwenye mtumbwi.

Jules hakungoja aulizwe. Alimpa kiti, akasema huku akitazama mnyororo wa baiskeli mikononi mwake.

"Wenye bunduki walitaka watu kumi na wawili. Bulaimu wa stesheni njo alikuwa na liste, orodha ya zamu. Ndugu yake alikuwa juu ya liste. Akafuta ndugu yake, akaandika Rémy, akatuma kijana amwite. Kijana mwenyewe aliniambia. Tulibeba siku mbili. Rémy alikuwa na kiatu kimoja kimepasuka, akachelewa nyuma. Kwenye daraja la chuma, mbele ya Kibombo, wakamwambia aweke kasha chini. Akaliweka. Wakampiga risasi. Lile kasha walinipa miye, nikaliweka juu ya langu."

Mto ulisikika kidogo kutoka pale.

"Kwa nini hukuniambia, Papa Jules?"

"Nilikuja. Nilikuja mara tatu, jioni. Kila mara nilikuta umeweka sahani yake ku meza. Nikarudi."

Josiane akaandika yote hayo jinsi yalivyosemwa. Yalijaza ukurasa mmoja na mistari minne. Alipomaliza, kifuani mwake palikuwa pametulia, kama nyumba baada ya wageni wengi kuondoka. Saa kumi Rémy akaingia akiwa na tundu kwenye shati, chini ya bega la kushoto. Halikutoa damu. Kwa fundi, lilikuwa tundu la sentimita moja.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. "Kumbe njo vile," akasema.

"Njo vile."

"Bulaimu alikuwa ananiazimaka baiskeli."

"Ndiyo. Niliandika."

Josiane akaleta sindano, akaliziba lile tundu naye akiwa ndani ya shati. Alishona mishono midogomidogo, karibu isiyoonekana. Kesho yake tundu lilikuwa palepale, akaliziba tena.

Tshibangu aliitwa. Alikuwa mzee sasa, anatembea na fimbo, akiwa amevaa koti la reli lisilo na vifungo. Akamwuliza mdogo wake majina ya babu zao, akayapata, isipokuwa mawili ambayo Josiane hakuwahi kuyajua. Kisha akalia, akijifuta kwa ncha ya koti. Alipomaliza akasema jambo la kwanza ambalo mkubwa wa ukoo alipaswa kusema.

"Sasa matanga ndiyo imeshindikana kabisa. Muntu iko hapa."

"Yaya, nimekufa," Rémy akamwambia kaka yake. "Iko mu kaye."

"Kaye haina muhuri."

Basi Jumatatu wakaenda ofisini. Rémy alikubali kuja asubuhi, kwa mara ya kwanza, na Josiane akalivalia jambo hilo kitenge chake kizuri. Falone na Jules walifuatana nao. Mkuu wa ofisi ile ya vizazi na vifo, tangu mwaka wa kwanza wa amani, alikuwa Bulaimu yuleyule, aliyewahi kushika orodha za zamu stesheni. Josiane alikuwa amesimama mbele ya meza yake miaka yote hiyo kuomba karatasi.

Bulaimu akavua miwani.

"Beya," akasema. "Haujazeeka."

"Shefu," Rémy akasema.

Josiane akaweka kaye mezani, ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa daraja. Bulaimu akausoma wote, na ile mistari minne, akifuata kwa kidole. Akasema mwandiko ni mzuri.

"Ni kweli," akasema. "Kumi na moja walikuwapo, na wa kumi na mbili alikuwa ndugu yangu. Kati ya wale walikuwa mapumziko, weye njo ulifuata kwa herufi. Nilifuta moja, nikaandika moja."

"Ndugu yako iko wapi sasa?" Rémy akauliza.

"Lubutu. Anauza simenti. Iko na wajukuu sita."

"Umusalimie."

"Nitamusalimia." Bulaimu akaandika jambo hilo kwenye kikaratasi ili asisahau. "Sasa mnataka nini?"

"Karatasi ya kifo," Josiane akasema.

Bulaimu akafungua daftari kubwa, akawaeleza bila haraka, kwa kuwa ilikuwa kazi yake na aliijua. Kifo kinataka mashahidi wawili. Jules ni mmoja. Wa pili angeweza kuwa yeye Bulaimu, ambaye anajua vizuri, lakini mwenye daftari hawezi kuwa shahidi ndani ya daftari lake mwenyewe. Hiyo ingewekwa pembeni. Kubwa zaidi ni kwamba mtu aliyefika ofisini mwenyewe, kwa miguu yake, anahesabiwa kuwa hai.

"Basi uniandike muzima," Rémy akasema.

Mzima alete kitambulisho. Kitambulisho hakitolewi kwa aliye kwenye orodha ya waliopotea, na orodha hiyo ilifungwa mwaka wa 2006.

Josiane alikuwa amefikiri kwamba siku hii ikifika atapiga kelele, au mikono yake itafanya jambo. Badala yake akajikuta anatazama ukosi wa shati la Bulaimu. Alilishona yeye, mwezi wa kumi na mbili. Shingo 41. Alikumbuka kwamba lilikuwa la kitambaa kigumu, na kwamba alijitahidi.

"Mungoje nje," Bulaimu akasema. "Pengine sheria itabadilika. Zinabadilikaka."

Wakatoka, wakangoja hadi ofisi ilipofungwa saa tisa na nusu. Kesho yake wakarudi. Siku ya tatu alikuja Elodie na mume wake, na mtumbwi wakauacha barabarani. Wiki iliyofuata walikuja wengine wanne wa ukumbi wa parokia, kila mmoja na kaye yake na mtu wake. Mmoja alikuja na wawili, wavulana wa kimo kimoja. Ofisi ikatengenezesha benchi refu la mbao, likawekwa chini ya baraza, upande usiopigwa na jua.

Mwishoni mwa mwezi wa sita Mama Hadidja alituma ripoti yake kwa watu waliotoa zile kaye. Kati ya wanawake kumi na mmoja, tisa walikuwa wanalala, wanakula, na wameacha kushtuka mlango unapogongwa. Ripoti ilipokelewa vizuri, na kaye nyingine zikaletwa.

Josiane amepeleka cherehani yake kwenye benchi. Anashona pale, na watu wa ofisi wamekuwa wateja. Kaye yake ya pili imefika nusu. Ndani yake anaandika habari zake mwenyewe, zile za kabla hawajakutana kwenye treni, na Rémy huzisoma juu ya bega lake na kuuliza maswali. Bulaimu hupita mbele yao kila asubuhi saa mbili, akivua kofia na kuwasalimia mmoja mmoja kwa majina. Huwa hakosei hata moja. Nao wote, wenye pumzi na wasio nayo, humjibu.

Saa tisa na nusu mlango hufungwa kwa kufuli. Rémy hubeba kigoda, Josiane hukunja kitambaa.

"Kesho tena?" Rémy huuliza.

"Kesho tena."

Miaka ishirini na miwili alingoja peke yake. Sasa wanangoja wawili.